Sikio la Kulia la Madamu

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani alinipaka hii krimu?"

"Mimi, Madamu. Ulikuwa macho, uliniona."

"Na nani alikutuma unipake?"

"Wewe."

"Usinijibu!"

"Basi usiniulize, Madamu."

Mimi nilikuwa kwenye sinki, nimewapa mgongo Madamu na Bi Mvuke, nachambua pamba ambayo haikuhitaji kuchambuliwa. Mtu mzima akiona ugomvi haujamfikia, hutafuta kazi ya mikono.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Nje ya saluni viti vya kukodi vilikuwa vinajaa. Mshereheshaji alikuwa anajaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili, kama mtu aliyesahau tatu. Saa nne kamili Madamu alitakiwa apande jukwaani kuzindua Krimu ya Umande, krimu yake mwenyewe, yenye picha yake juu ya kila kikopo.

Na Madamu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kitanda cha huduma, kafunikwa taulo kichwa kizima, kama unga ulioachwa uumuke.

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungiwa karanga, nakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni mama wa watoto wawili. Nina diploma ya utunzaji wa ngozi na miaka kumi na saba ya kushika nyuso za watu. Madamu ananiita Diploma, akifurahi na akikasirika. Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama barabarani asubuhi ya Jumatano, mdomo wazi, natazama bango jipya la saluni. Upande mmoja sura ya Madamu inang'aa, chini yake neno moja: BAADA. Upande wa pili sura yangu. KABLA.

Picha ile Madamu alinipiga akidai ni ya kitambulisho cha kazi. Alinipiga kutoka chini, saa nane mchana, nimetoka kuhudumia wateja saba na sijatia kitu tumboni. Kwa pembe ile hata malaika angeonekana ana videvu viwili. Chunusi yangu moja, ile inayokuja na kuondoka kila mwezi kama mgeni wa adabu, mchapishaji aliikuza ikawa kama kifungo cha koti.

Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa unaniita Mama Kabla. Binti yangu alirudi kutoka shuleni, akatupa begi, akasema, "Mama, wenzangu wanauliza Baada inaanza lini."

Sasa tuendelee.

"Diploma!" Madamu aliita chini ya taulo. "Umekaa kimya kama huhusiki."

"Nachambua pamba, Madamu."

"Acha pamba. Njoo uone kazi ya rafiki yako."

Akavua taulo.

Nimeona nyuso nyingi. Nimeona binti aliyepaka dawa ya meno kwenye chunusi mpaka ngozi ikababuka. Nimeona mzee aliyejisugua kwa limau na sukari akidhani uso ni sufuria. Ninyi mnaosoma hapa mkiwa na dawa ya meno usoni, nendeni mkanawe, nitawasubiri. Lakini uso ule wa Madamu sikuwa nimeuona hata kitabuni. Mashavu yamevimba na kuiva. Vipele vidogo vya maji kuanzia kwenye paji la uso mpaka shingoni. Jicho moja limebaki mstari.

"Inawasha?" niliuliza.

"Inawaka! Nifunike, Diploma. Una dakika thelathini. Paka poda, paka chochote, paka hata rangi ya ukutani."

"Ngozi inayotoa maji haipakwi kitu. Ukiifunika unafungia uchafu ndani, na madoa utakaa nayo mwaka mzima."

"Mwaka?"

"Ukiwa na bahati. Huo uso unataka kitambaa safi, maji baridi, halafu hospitali."

"Hospitali! Watu mia wamekaa nje wananisubiri ning'ae, wewe unaniambia hospitali?"

"Nilikwambia pia manukato yapunguzwe."

Hilo nililisema polepole, lakini nililisema. Krimu ile niliitengeneza mimi: mafuta mepesi, nta kidogo, maji ya mshubiri, basi. Madamu alipoinusa alikunja pua. "Mwanamke hanunui krimu," alisema, "ananunua harufu." Akaongeza manukato mara tatu ya kiasi changu, mpaka kikopo kikifunguliwa jikoni, mtu aliyeko sebuleni anapiga chafya.

"Manukato hayana kosa," Madamu akasema. "Nilipimwa au sikupimwa?"

"Ulipimwa."

"Kwa sheria ya nani?"

"Yangu."

"Basi!"

Hapa lazima niwaeleze sheria yangu, maana ndiyo iliyonifikisha nilipo. Kwenye chumba changu hapakwi mtu kitu kipya usoni kabla ya kupimwa. Tunaweka tone moja nyuma ya sikio la kulia. Mteja anakwenda nyumbani, haoshi pale mahali, anarudi baada ya siku mbili. Nikikuta ngozi imetulia, naandika kwenye kadi yake neno Salama na kutia sahihi. Nikikuta imewaka, hatupaki, hata mteja alie. Wateja wengi wamenikimbia kwa sababu ya siku mbili hizo. Wakarudi baadaye wamejifunga mtandio mpaka puani.

Madamu mwenyewe alipimwa Jumatatu. Nilimwangalia Jumatano. Niliandika Salama.

"Kadi imesema salama," Madamu aliendelea, sasa anahesabu kwa vidole. "Diploma amesema salama. Kwa hiyo krimu ni salama. Aliyebaki ni nani? Aliyepaka. Alipaka nyingi. Au mikono haikuoshwa. Au taulo ilikuwa chafu."

"Taulo nazichemsha mwenyewe," alisema Bi Mvuke.

Bi Mvuke ni mwenzangu chumbani humo. Ni mjane, amenizidi miaka kumi, na jina lake limetokana na mashine ya mvuke anayoiendesha tangu kabla mimi sijaajiriwa. Hana cheti hata cha kushona vifungo. Alianza kwa kufagia, akaishia kushika nyuso. Mikono yake ni myepesi hivi kwamba wateja husinzia kabla hajamaliza shavu la kwanza. Mimi huandika, yeye hupaka. Ndivyo tunavyofanya kazi.

"Usinieleze habari za kuchemsha," Madamu alisema. "Hukusoma popote. Nilikuhurumia tu."

"Miaka ishirini na mbili ya huruma, Madamu?"

"Umeona ulimi huo, Diploma? Umeusikia?"

Madamu aligeuza shingo kwa hasira ili anitazame kwa lile jicho lililobaki. Kilemba chake kikateleza. Na mimi nikaona sikio lake la kulia.

Nyuma yake kulikuwa na kidonda. Kimekauka pembeni, katikati bado kina maji. Kina ukubwa wa tone moja la krimu, sawasawa kabisa.

Krimu ya uso mzima alipakwa jana Ijumaa alasiri. Kidonda kile hakikuwa cha jana. Kilikuwa na siku nne, tano.

Pamba ilinidondoka.

Wasomaji wangu, niliwaahidi tangu wiki ya kwanza kwamba hapa sitajipamba. Basi sikilizeni. Mteja akikaa mbele yangu kwenye kiti, kulia kwake ni kushoto kwangu. Kwa miaka kumi na saba mkono wangu wa kushoto umezoea kwenda wenyewe kwenye sikio la mteja la kulia, hata nikiwa naongea, hata nikiwa nawaza bei ya viatu vya shule. Lakini Jumatano ile Madamu hakukaa kwenye kiti. Alikuwa amejilaza kitandani, kichwa kimeelekea kwangu. Kulia kwake kulikuwa kulia kwangu. Mkono wangu ukaenda kulikozoea. Nikafunua sikio la kushoto, sikio ambalo halikuwahi kuona krimu tangu lizaliwe, nikalikuta safi, nikaandika Salama.

Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimesimama chini ya bango. Nilikuwa nimeingia kazini na hasira. Nilitaka nimalize nitoke.

Na hilo si baya kuliko yote. Madamu aliniambia. Alisema akiwa amefumba macho, "Diploma, huku kunanichoma." Nikamjibu, "Uzuri unauma, Madamu." Nikatoka. Yeye akadhani ni hereni zake mpya, akazivua, akanyamaza.

Nimewafokea wateja wangapi kwa kutosikiliza ngozi zao? Mimi ngozi ilinisemesha kwa mdomo, nikaikejeli.

"Bi Mvuke," Madamu alikuwa anasema, "chukua vitu vyako uondoke. Leo. Sasa hivi. Na usipite mbele wageni wakakuona."

Nilifungua mdomo. Nakiri nilifungua mdomo.

Kilichotoka ni hiki: "Madamu, maji yamepoa, nikuwekee kitambaa?"

Bi Mvuke alinitazama mara moja tu. Halafu akarudi kwenye rundo lake la taulo. Aliendelea kuzikunja, moja baada ya nyingine, pembe kwa pembe, kwa sababu zilikuwa zimebaki sita na yeye haachi kazi katikati.

Nilimwekea Madamu kitambaa cha maji baridi. Mikono yangu ilikuwa baridi kuliko maji.

"Moja, mbili!" ilisikika nje. "Akina mama mko tayari kung'aa?"

"Tukooo!"

Madamu alikaa na kitambaa usoni kama dakika tatu. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri, na Madamu akifikiri ni heri alie.

"Diploma."

"Naam."

"Sogea dirishani."

Nikasogea. Akafunua kitambaa kidogo, akanichungulia kwa jicho moja.

"Hiyo ngozi umeipaka nini?"

"Sabuni isiyo na harufu na krimu ya kukinga jua. Na nalala mapema."

"Chunusi ya kwenye bango iko wapi?"

"Iliondoka yenyewe. Huwa haikamuliwi."

Madamu akacheka. Kucheka kulimuuma, akashika shavu, akacheka tena.

"Wewe ndiye Kabla," alisema. "Sura yako imening'inia barabarani siku nne, kila mtu anaijua. Ukitoka pale nje sasa hivi, ngozi safi, gauni zuri, nani atauliza Baada yangu iko wapi? Wewe mwenyewe utakuwa Baada! Watakuona kwa macho yao! Kwa nini sikuliwaza hili mapema?"

"Lakini mimi sijapaka Umande hata siku moja."

"Nani kakuuliza umepaka nini? Utasimama, utatabasamu, mshereheshaji ataongea. Ukishuka, chumba hiki ni chako. Mkuu wa chumba, jina lako mlangoni."

Sasa ndipo ungamo lenyewe. Mngetegemea niseme nilichukizwa. Sikuchukizwa. Nilifurahi.

Nilijiona jukwaani. Nilimwona mwenye genge la mboga, aliyeniuliza baada ya kuona bango kama ugonjwa wangu unaambukiza, amekaa mstari wa mbele anameza mate. Nilimwona binti yangu akirudi shuleni na jibu. Mtu akishaitwa Kabla siku nne, akiambiwa njoo uwe Baada, hasimami kuuliza Baada ya nini. Nyuma yangu mwanamke alikuwa anakunja taulo yake ya mwisho kwa kosa langu, na mimi nilikuwa nawaza gauni litakuwa rangi gani.

Lilikuwa la zambarau. Na lilikuwa la Madamu, kwa hiyo zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma.

"Vuta pumzi," Madamu aliamuru kutoka kitandani.

"Nimevuta!"

"Basi itoe! Bi Mvuke! Hebu mfunge huyu, mimi sioni."

Alikuwa ameshamfukuza, bado anamtuma. Na Bi Mvuke, ambaye kikapu chake kilikuwa tayari mlangoni, alikiweka chini akaja.

Akanipeleka nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Akatia pini tano mdomoni, akaanza kunibana mgongoni. Hakunichoma hata mara moja.

"Simama wima, mwalimu," alisema. Yeye huniita mwalimu.

"Bi Mvuke..."

"Usitikisike."

"Unaweza kupata kazi kwingine. Mikono kama yako..."

"Nikifika nitaulizwa cheti kiko wapi. Halafu wataniuliza nilikotoka niliondokaje. Nitasema nini, kwamba niliunguza uso wa mwenye saluni?" Akatoa pini ya pili. "Nilishazoea, mwalimu. Kosa likizurura ndani ya nyumba, humtafuta asiye na cheti likae naye."

Nilitazama miguu yangu.

"Ila kuna jambo nataka kukuuliza kabla sijaondoka," akasema. "Usikasirike."

"Uliza."

"Ile Jumatano nilikuwa pale kwenye mashine. Nilikuona unaangalia sikio la kushoto."

Nje mshereheshaji alikuwa anasimulia kisa, watu wanacheka.

"Uliniona?"

"Nilikuona. Na wewe ndiye uliyeweka tone kulia, nilikuona pia."

"Kwa nini hukusema? Bi Mvuke, kwa nini hukusema?"

Aliacha kubana. Nilimwona kwenye kioo, ameshika pini hewani, anashangaa kwa dhati.

"Ningesema nini, mwalimu? Wewe umesoma. Nilidhani kuna kitu mmefundishwa chuoni kuhusu sikio la kushoto. Labda dawa ikiingia huku, inajionyesha kule. Nilienda nyumbani nikajaribu kufikiri sababu yake. Hata jana wakati nampaka nilikuwa najiuliza. Sasa nieleze, nijue tu. Ni kwa nini mlifundishwa kushoto?"

Hakunikejeli. Ningemshukuru kama angenikejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kuondoka na elimu, kwa kuwa kitu kingine cha kuondoka nacho hakuna.

Miaka kumi na saba nimempa mwanamke huyu amri kwa kalamu. Paka hapa, usipake pale, mimi ndiye niliyesoma. Nilimfundisha vizuri. Nilimfundisha mpaka akaniona nakosea mbele ya macho yake, akaamua macho yake ndiyo mabovu.

"Hatukufundishwa," nilisema. "Nilikosea."

Alibana pini ya mwisho, akanigeuza, akanifuta kidogo chini ya jicho kwa ncha ya kidole.

"Umelowa hapa," alisema. "Watakuona."

Akatoka. Nilisikia akiokota kikapu.

Nilikwenda moja kwa moja kitandani kwa Madamu. Nilisema bila kukaa, bila kuvuta pumzi, maana lile gauni halikuruhusu.

"Madamu, kosa ni langu. Niliangalia sikio ambalo halikuwa na krimu. La kulia lina kidonda, lishike mwenyewe. Ulisema kunachoma, nikakujibu vibaya. Bi Mvuke alipaka kwa sababu niliandika Salama."

Alipeleka mkono nyuma ya sikio. Akagusa. Akaurudisha.

Nilingoja ngurumo. Haikuja.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bi Mvuke."

"Amesema atamwambia mtu?"

"Hasemi kitu, Madamu. Anaondoka."

"Vizuri. Basi panda jukwaani."

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia vizuri, hili la kushoto bado zima." Alijilaza tena, akajifunika kitambaa. "Hebu tumia hiyo akili ya chuo. Watu wakisikia mwenye diploma amekosea, nani ataleta uso wake hapa tena? Wakisikia ni mpakaji wa krimu tu, wanasema aa, wafanyakazi wa siku hizi. Kesho wamesahau. Kosa limeshapata mwenyewe, Diploma. Usilinyang'anye."

"Ana miaka ishirini na mbili hapa."

"Na wewe una watoto wawili. Jina lako mlangoni, nimesema. Nenda."

Nataka mjue kwamba hata hapo sikuamua. Nilitembea. Mlango, ukumbi, wateja wawili waliochelewa wakanipisha kwa heshima ya gauni. Nilikuwa najiambia nitapanda, nitatabasamu, nitashuka, halafu Jumatatu nikiwa mkuu wa chumba nitamwita Bi Mvuke kimyakimya. Mtu akitaka kufanya ubaya leo hujipangia wema Jumatatu.

Mwanga wa nje ukanipiga machoni.

"Ndiye huyooo!" mshereheshaji alipiga kelele. Alikuwa mwanaume mwembamba mwenye suti inayong'aa na ulimi unaong'aa zaidi. "Mnamjua! Mmemwona barabarani! Mlimwonea huruma! Akina mama, mlimwonea huruma au hamkumwonea?"

"Tulimwonea!"

"Jumatano alikuwa vile! Leo Jumamosi, mtazameni! Siku nne za Umande! Geuka, mama, wakuone. Geuka taratibu."

Nikageuka.

Walipiga vigelegele. Wanawake mia, vikopo mia vya bure juu ya meza mbele yao, kila mmoja amenyoosha shingo aone shavu langu. Mwenye genge alikuwepo, na mdomo alikuwa ameufungua. Ilikuwa kama nilivyoiota.

Na katika kugeuka kule nikafika upande wa uzio, nikamwona Bi Mvuke. Alikuwa amekatazwa kupita mbele, kwa hiyo alikuwa anajipenyeza kati ya ukuta na gari la viti, kikapu amekiinua kichwani ili kisikwaruze gari la watu.

Nilimnyooshea mshereheshaji mkono. "Nipe hicho."

Mshereheshaji alidhani nataka kushukuru. Alinipa kipaza sauti kwa kuinama.

"Msifungue hivyo vikopo," nilisema.

Wengine walicheka, wakidhani ni mbwembwe za biashara.

"Sitanii. Mimi sijawahi kupaka krimu hii. Ngozi yangu ni sabuni na usingizi. Na mwenye saluni hayupo hapa kwa sababu krimu hii imemuunguza, yuko ndani, uso umevimba. Alipimwa kabla ya kupakwa. Aliyempima ni mimi. Tone liliwekwa sikio la kulia, mimi nikaangalia la kushoto, nikaandika ni salama. Aliposema kunamchoma nilimdharau. Aliyempaka alifuata nilichoandika. Leo asubuhi amefukuzwa yeye, na mimi nikavalishwa gauni."

Mshereheshaji alinisogelea, akatabasamu kwa meno yote. "Makofi kwa... kwa ukweli, akina mama!"

Alipiga makofi mtu mmoja, akaona yuko peke yake, akaacha.

Nilijiandaa kuzomewa, kurushiwa kikopo, chochote. Kutoka mstari wa tatu mwanamke mnene aliyebeba mwavuli akasimama.

"Samahani, dada," alisema. "Kwa hiyo vya bure tunapewa au hatupewi?"

"Hampewi."

"Mngetuambia mapema! Mimi nimeacha kufua."

"Mama Kabla, si utupe tu, kila mtu na ngozi yake!" akadakia mwingine.

Minong'ono ikaanza, mikono ikaanza kusogea mezani. Mmoja alikuwa ameshatia viwili kwenye mkoba.

"Bi Mvuke!" niliita kwa kipaza sauti, na sauti ikagonga ukuta wa ng'ambo ikarudi. Alisimama pale pale kwenye ule uwazi mwembamba, mikono miwili kwenye kikapu. Vichwa mia vikamgeukia. "Bi Mvuke, rudi ndani. Pitia mbele. Madamu anahitaji kitambaa kibadilishwe na gari la kumpeleka hospitali, na mle ndani anayejua kushika uso ni wewe. Uliona sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea. Anayeondoka ni mimi."

Nilimrudishia mshereheshaji kipaza sauti chake. Nikavua viatu vya kuazima, nikaviweka pembeni ya jukwaa, nikashuka. Waliokaa njiani walikunja magoti nipite. Pini moja iliachia mgongoni, nikaisikia, nikaendelea.

Nilikuwa nimefika getini wakati mlango wa saluni ulipofunguliwa kwa kishindo. Nilijua ni nani kwa sababu wanawake mia walivuta pumzi kwa pamoja, na nilijua kwamba ametoka bila kitambaa usoni.

"Diploma!" Madamu alipaza sauti. "Diploma, simama hapo hapo!"

Sikusimama.